Kaimati na Saa ya Ukutani

Nikisikia mtu anasema "kompyuta imekosea" damu inanichemka mpaka leo. Benki wanasema hivyo, wa bili za maji wanasema hivyo, na juzi karani mmoja dirishani kanitazama usoni akaniambia sistimu ndiyo iliyofuta jina langu, kana kwamba sistimu ni mtu, iliamka asubuhi ikanichukia. Nilimjibu vibaya. Binti yangu, aliyekuwa pembeni, aliona haya akanivuta mkono: "Mama, basi." Sikumweleza pale dirishani kwa nini nimepandisha hasira. Namweleza hapa.

Aliyenilea ni shangazi yangu, dada yake baba. Tulikaa Mtoni, kwenye nyumba ya urithi yenye ukumbi mrefu na ua wa nyuma, na huko uani ndiko alikokuwa na mafiga yake na karai lake. Shangazi hakujaliwa mtoto, na mume aliyekuwa naye alimwacha kwa sababu hiyo, kwa hiyo hapa duniani alikuwa na mie na kaimati. Jina lake sitaliandika. Liliandikwa mara moja gazetini, limetosha.

Kaimati zake zilijulikana. Unga aliuumua tangu adhuhuri, akaufunika kwa kanga kuukuu, na ilipokaribia alasiri alianza kudondosha vitonge kwenye mafuta kwa mkono mtupu, haraka haraka, bila kutazama, huku anazungumza na mtu. Shira yake ya sukari ilikuwa na iliki na kidogo ya maji ya waridi. Mwezi wa Ramadhani watu walitoka ng'ambo ya barabara ya Kilwa wakaja kupanga foleni barazani kwetu, na mtu akifika akikuta zimekwisha alinuna kama kadhulumiwa. Wakwe walipelekewa kaimati zake. Ukitaka kumsifu msichana anayejua kupika, ulisema kapita mikononi mwa shangazi yangu. Hiyo ndiyo mali aliyokuwa nayo, watu kula kilichotoka mkononi mwake bila kujiuliza.

Alikuwa akizifunga kwenye magazeti, na magazeti niliyaleta mimi. Ilikuwa ile miaka ya tisini, ruhusa ya magazeti ya watu binafsi imetoka, kila mwenye chumba cha uani na maneno mengi anafungua gazeti. Mie nilikuwa nimejifunza kupiga taipu, nikapata kazi ya kuchapa kwenye gazeti moja dogo la kila wiki huko Kinondoni. Nakala zilizorudi bila kuuzwa nilizibeba nyumbani, na shangazi aliwaambia wateja, "Soma soma kwanza hilo, mwanangu ndiye kaliandika." Nilimwambia mara nyingi kwamba mie nachapa tu, siandiki. Hakuona tofauti, na mie sikukazania sana.

Mwenye gazeti ndiye aliyekuwa mhariri pia, na sote tulimwita bosi. Alikuwa mtu wa pwani, wa ukoo wa wafanyabiashara wa siku nyingi, msafi, mpole wa maneno, na alijipenda. Ofisini kwake kulikuwa na saa kubwa ya ukutani, na saa hiyo ndiyo kiini cha mambo yote, kwa hiyo niieleze vizuri.

Sisi wote tunasoma saa kwa kugeuza. Mshale mfupi uko kwenye mbili, mdomo unasema saa nane. Tumezoea tangu shule, hatuoni ajabu yoyote. Bosi alilikataa hilo. Saa yake aliirekebisha ili mshale uonyeshe kilekile mdomo unachokisema, kama saa za baadhi ya misikiti ya zamani. Saa mbili asubuhi, mshale kwenye mbili. Jua likizama, mishale yote iko juu kwenye kumi na mbili, na usiku unaanza kuhesabiwa upya. "Hapa hatusomi saa ya Mzungu," alimwambia kila mgeni, na mgeni alicheka, na bosi alifurahi kuchekewa. Hata mie niliipenda. Ilikuwa saa isiyokusumbua kichwa.

Kompyuta zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya kuchapia, yangu. Ya pili ilikuwa chumba cha ndani, ya kupangia kurasa, na mpanga kurasa alikuwa haruhusu mtu aiguse. Nilichokichapa nilikitia kwenye flopi, nikampa, yeye akaitia kwenye mashine yake na kupiga amri moja aliyotengenezewa na fundi. Amri hiyo ilifanya kazi peke yake. Ilitazama kila faili, tarehe na saa iliyohifadhiwa, na kama iliyo kwenye flopi ni mpya kuliko iliyomo ndani, iliichukua. Kama ni ya zamani, iliiacha. Haikusema neno wala haikulia.

Na mashine yangu betri yake ya ndani ilikuwa imekufa, ile inayoifanya ikumbuke saa hata ikizimwa. Kwa hiyo kila ukiiwasha ilikuuliza: leo tarehe ngapi, na sasa saa ngapi. Nilipoanza kazi nilimuuliza bosi niandike nini. Akanyoosha kidole ukutani. "Andika hiyo unayoiona." Nikaandika hiyo niliyoiona, siku zote, na zilikuwa zama za mgao wa umeme, kwa hiyo niliiandika mara nyingi.

Kabla ya yaliyompata shangazi yalitangulia mengine, ambayo watu waliyacheka. Bosi alimleta mgeni ofisini asubuhi mie sijafika, akawasha mashine mwenyewe kumwonyesha, na alipoulizwa tarehe akazigeuza tarakimu mbili za mwaka. Mashine ikaamini kwamba tuko zaidi ya miaka sitini mbele. Akafungua ukurasa wa nyota, akaugusa kidogo, akauhifadhi. Basi ukurasa ule ukawa haufi. Kila wiki nilichapa nyota mpya, nikampa mpanga kurasa flopi, na mashine yake ikaona kwamba hii ni ya zamani, ile iliyomo ndani imetoka mwaka ambao wajukuu zetu watakuwa wazee, ikaiacha hii yangu. Gazeti likatoka na nyota zilezile wiki baada ya wiki. Wenye nyota ya Ng'e waliahidiwa safari mpaka wakachoka kufungasha.

Fundi aliitwa kutoka mjini. Alikaa, akatazama, akacheka, halafu akatueleza sote tumesimama nyuma yake. Alisema mashine haisomi kilichoandikwa, inatazama tarehe tu. Ukiidanganya tarehe umeidanganya kila kitu. Akasema, "Bosi, nunua betri. Kitu kidogo sana hiki. Leo ni nyota, kesho sijui itakuwa nini."

Bosi akacheka naye. "Nyota zenyewe nani anaziamini?"

Betri haikununuliwa. Naomba mtu asome sentensi hiyo mara mbili.

Ramadhani ya mwaka ule, kwenye kumi la kwanza, watoto wa mtaani kwetu waliugua. Matumbo, kutapika, wengine walipelekwa hospitali wakalazwa. Mie nilijua, kwa sababu ni jirani, lakini kwetu hakuna aliyetaja kaimati. Jumatano mchana nikiwa kazini mwandishi wetu akaniwekea mezani karatasi alizoandika kwa mkono, nikaanza kuchapa kama kawaida, na katikati ya karatasi ya pili nikalikuta jina la shangazi yangu. Jina lake na la baba yake, na mtaa, na baraza. Imeandikwa kwamba "inasadikiwa" watoto wale walikula kaimati za mwanamke huyo, na kwamba wakazi wanataka hatua zichukuliwe. Wakazi gani? Mie nakaa pale.

Nilikwenda kwa bosi na karatasi mkononi. Nikamwambia huyu ni shangazi yangu, na habari hii si ya kweli.

"Unajuaje si ya kweli?"

"Mie mwenyewe nazila kila siku."

"Binti," akasema, kwa ule upole wake, "gazeti si la shangazi yako. Chapa. Ukiwa na ushahidi, niletee."

Nikachapa. Nilichapa huku machozi yananitoka kwa hasira, nikahifadhi, nikampelekea mpanga kurasa flopi. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi, tisa na dakika arobaini na tano. Najua kwa sababu niliiona baadaye kwenye mashine, imeandikwa hivyohivyo, 9:45. Muda mfupi baadaye umeme ukakatika.

Kazi iliposimama nilitoka mbio kwenda Mtoni. Nilimkuta shangazi kwenye karai, nikamweleza, na nilidhani atalia. Akaepua karai. Akaenda moja kwa moja nyumba ya tatu, kwa mama wa mtoto mmoja aliyelazwa, akamwambia, "Mwenzangu, nisaidie. Kanisemee ukweli." Na yule mama, namshukuru kwa siku ile na kwa siku ile tu, alijifunga kanga yake ya pili akatoka. Mtoto wake hakuwahi kula kaimati zetu mwezi ule wote. Hospitali walimwambia ni maji. Watoto wote walioumwa walikuwa wanakunywa maji ya dumu yaliyokuwa yanauzwa kwa mkokoteni, yametekwa kisima kimoja kibovu, na daktari kamwambia wazi asiyatumie tena.

Tulifika Kinondoni adhana ya magharibi inalia. Bosi alikuwa anafungulia tende ofisini kwa mwanga wa taa ya chemli. Nataka nikiri kwamba alitupokea vizuri. Alisimama, akampisha shangazi kiti chake mwenyewe, akatutengea tende na maji, akangoja tunywe. Halafu akasikiliza. Shangazi hakupandisha sauti. Alisema, "Mwanangu," ingawa walikuwa karibu rika moja, "mie sina kingine. Ukiliandika hili, umenizika."

Yule mama akaeleza habari ya maji. Bosi akauliza maswali mawili matatu, akatikisa kichwa, akaniambia mbele yao: "Umeme ukirudi, toa jina, toa kaimati, weka maji ya mkokoteni kama alivyosema mama hapa. Halafu nenda nyumbani na shangazi yako, usimtembeze peke yake usiku."

Umeme ulirudi baada ya muda si mrefu. Nikawasha mashine. Ikaniuliza tarehe, nikaandika tarehe. Ikaniuliza saa, nikainua macho ukutani: mshale mfupi umepita moja, unaelekea mbili. Nikaandika. Nikatoa jina la shangazi yangu kwa mikono yangu hii, herufi moja moja, na yeye amekaa nyuma yangu anatazama kioo asichoweza kukisoma vizuri, ananiuliza, "Umelitoa?" Nikamwambia nimelitoa. Nikahifadhi. Nikampelekea mpanga kurasa flopi, nikamwambia kuna mabadiliko ya habari ya ukurasa wa kwanza, akaitia, nikaiona taa ndogo ya kijani inawaka na kuzima. Akaniambia, "Tayari, sista."

Njia nzima ya kurudi Mtoni shangazi alimwombea bosi dua. Amzidishie, amkuzie watoto, amwondolee shari. Yule mama akawa anaitikia amin. Na mie niliitikia.

Asubuhi gazeti lilitoka na jina lake.

Sikuliona kazini. Nililiona mtaani, mkononi mwa muuza maji, mwingine si yule wa dumu za kisima, anasomea watu wawili kwa sauti. Jina, la baba, mtaa, baraza. "Inasadikiwa." Nilimpokonya. Nilisoma mpaka mwisho nikitafuta maji ya mkokoteni, hayakuwamo hata kwa neno moja. Nilichokichapa usiku hakikuwamo. Ilikuwa kana kwamba shangazi hakuvuka mji ule akiwa na funga yake, hakukaa kwenye kile kiti, hakusema aliyoyasema.

Nilipoingia ofisini, bosi alikuwa ameshaliona. Aliniinulia mikono yote miwili, viganja wazi. "Binti, kompyuta imekosea."

Ndipo nilipolisikia neno hilo mara ya kwanza. Alilisema kwa huzuni hasa, kama mtu anayetoa mkono wa pole.

Mpanga kurasa aliapa kwamba aliitia flopi na alipiga amri. Nilimwambia aniwashie mashine yake aniorodheshee mafaili. Safari hii hakunikatalia. Faili la habari ile lilikuwamo, na mbele yake saa: 9:45. Nikaitia flopi yangu ya usiku. Jina lilelile la faili, tarehe ileile, na mbele yake saa: 1:50.

Nikazifuata zile saa mbili kwa kidole juu ya kioo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya yule fundi siku ile ya nyota, nilimsikia, na tulidhani sote kwamba anazungumzia mwaka. Mashine ilihesabu kuanzia usiku wa manane mpaka usiku wa manane mwingine, saa ishirini na nne mfululizo. Sisi tulikuwa tunaipa kumi na mbili, tukirudia mara mbili. Saa moja na dakika hamsini ya usiku mashine iliipokea kama 1:50 ya Kizungu, yaani saa saba na dakika hamsini za usiku, watu wamelala. Ikaona flopi inaleta kitu kilichoandikwa kabla hakujapambazuka, na ndani kuna kilichoandikwa mchana. Ikashika cha mchana. Kwa mashine ile shangazi yangu alikuja kujitetea kabla hajashitakiwa.

Na kuna jambo jingine lililonitia wazimu zaidi nilipolifikiri. Kwetu pwani, magharibi ikishaingia, siku imekwisha. Jioni ile ya Jumatano, kwa hesabu yetu, ilikuwa tayari ni usiku wa Alhamisi. Ndivyo tunavyotaja, ndivyo tunavyosoma khitma, ndivyo tulivyouanza hata huo mwezi wa kufunga. Kama ningeandika saa ya ukutani na tarehe ya Alhamisi, yaani kama tungeifuata mila mpaka mwisho, faili la usiku lingekuwa jipya na lingeshika. Lakini kalenda ya ofisi ilikuwa ya Mzungu na saa ilikuwa yetu. Bosi alichukua mila ile nusu inayopendeza wageni ukutani, nusu nyingine akaiacha. Hata kujidai kwetu kulikuwa nusu.

Nilimwita, nikamwonyesha saa zote mbili. Alielewa upesi, hakuwa mjinga. Akageuka akaitazama saa yake.

"Saa ya ukutani haikukosea," akasema.

"Haikukosea. Na mashine haikukosea. Tuliokosea ni sie."

"Sasa unataka niandike nini? Kwamba ofisi nzima haijui kusoma saa?"

"Ndiyo. Andika hivyo. Andika kwamba uliambiwa ununue betri."

Akaniambia nimechoka na saumu, nikapumzike. Wiki iliyofuata, chini ya ukurasa wa ndani, kilitoka kisanduku kidogo: kwamba kutokana na hitilafu ya kompyuta, habari ya wiki iliyopita ilitoka kimakosa, na kwamba wahusika wanaombwa radhi. Wahusika gani, hakikusema. Jina la shangazi liliposhitakiwa liliandikwa kwa herufi nzito, la kusafishwa halikuandikwa. Nilipomuuliza akasema, kulirudia jina ni kulichafua zaidi. Alikuwa na jibu zuri kwa kila kitu yule bwana.

Betri aliinunua baadaye. Mechi kubwa ilichezwa jioni, tukachapa matokeo ya mapumziko, umeme ukakatika, ukarudi magharibi imeingia, nikachapa matokeo ya mwisho, na yakapotea kwa njia ileile. Nilimwambia mapema kwamba yatapotea, akaniambia niache uchawi. Gazeti likatoka na ushindi wa timu iliyofungwa. Wanaume wakajaa uani wanapiga mlango kwa ngumi. Kesho yake fundi alikuwa hapo na betri imo mfukoni. Kwa ajili ya bao moja. Lakini hapo mambo yetu ya Mtoni yalikuwa yameshakwisha.

Siku lilipotoka gazeti lenye jina lake, shangazi alikaanga kama kawaida. Nilimwomba asikaange. Alisema, "Nikiacha, nimekiri." Akatoa meza barazani, akapanga, akafunika kwa kawa. Watu walipita. Walimsalimia, tena kwa adabu zote: shikamoo bibi, marahaba, saumu inakwendaje, tunashukuru. Wakaendelea na safari zao. Adhana ililia sinia limejaa. Tulifuturu kaimati sisi wawili mpaka zikatukinai, na nyingine zikagandia shira mpaka asubuhi. Ikawa hivyo siku ya pili, na siku zilizofuata, na kila siku alipunguza unga kidogo. Mtu mmoja alinivuta pembeni kunong'ona, "Lakini wewe si ulikuwa humohumo ndani? Kama si kweli, ungeacha litoke?" Nilimjibu maneno ambayo mwenye saumu hasemi.

Kilipotoka kile kisanduku nilimsomea. Akauliza, "Hitilafu ndiyo nini?"

"Kuharibika."

"Kwa hiyo imeandikwa kwamba mie sikufanya?"

Nilikisoma tena kile kisanduku. Nikamwambia, "Imeandikwa kwamba walikosea."

Uso ukamfunguka. Akaniambia nimletee magazeti yote ya wiki ile yaliyorudi, yote, hata yaliyokunjika. Nikamletea mzigo. Akakaa na mkasi, akawa ananiuliza kiko wapi, namwonyesha kwa kidole, anakata karatasi kukizunguka, ili akikunja furushi la kaimati kile kisanduku kikae juu, mteja akipokea kiwe ndicho cha kwanza kukiona. Aliyakata mchana kutwa. Nilimsaidia. Mkasi ulinipa lengelenge na sikutaka kuuweka chini, maana ningeuweka ningekwenda Kinondoni kumtukana mtu mzima mwezi mtukufu.

Jioni yake akatoa meza. Na akaja mteja. Yule mama wa nyumba ya tatu, aliyevuka naye mji, alikuja mbele ya watu wote akasema, "Nifungie, dada." Shangazi alimchagulia zilizoiva vizuri, akazimiminia shira ya ziada, akazifunga, kisanduku juu, akampa kwa mikono miwili. Yule mama akakitazama, akasema, "Alhamdulillahi, wamekiri." Akaenda zake kwake. Usiku ule shangazi alisali tarawehe kwa furaha. Kesho yake hakungoja adhuhuri, aliumua unga mwingi kama zamani tangu alfajiri.

Asubuhi ileile nilimkuta hayupo uani. Alikuwa ameenda kumwaga taka kwenye jalala la nyuma ya nyumba zetu, na amesimama kule, fagio mkononi, hageuki. Nikamfuata. Juu ya majivu na maganda ya mihogo lilikuwa furushi lake. Halijafunguliwa. Kisanduku kiko juu kama alivyokiweka, na shira imepenya karatasi ikayalowesha maneno, lakini yalisomeka. Kutokana na hitilafu ya kompyuta.

Nilitaka kwenda nyumba ya tatu sasa hivi, nimgongee mlango, nimuulize mbele ya mumewe. Shangazi alinishika kanga. Akasema, "Ana mtoto, mwanangu. Alimuuguza." Akainama akaliokota lile furushi, akalifungua taratibu kama kitu kinachoweza kukatika, akawamwagia kuku kaimati. Walizigombania. Karatasi aliikunja ndogo, akaitia kifundoni mwa kanga yake, sijui kwa nini.

Ule unga ulioumuka tuliumwaga. Karai alilipeleka kwa mwali mmoja wa ukoo wetu huko Mwananyamala aliyekuwa anaanza maisha, akamwambia ni lake, asilirudishe. Na yule mama wa nyumba ya tatu walisalimiana mpaka mmoja wao alipokufa, na hakuna aliyelitaja.

Jioni ile nilirudi kutoka kazini na nakala zilizorudi, kama kawaida, zimefungwa kwa kamba. Shangazi alikuwa amekaa barazani bila meza, na magharibi haijaingia. Alizitazama zile nakala mkononi mwangu.

"Mwanangu," akasema, "usiniletee tena magazeti. Sina cha kufunga."